Historia ya Kuvuka Mito ya Rwenzori: Niliyojifunza Majini na Niliyosimuliwa na Babu

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nimezaliwa Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na kwa miaka mingi niliiogopa mito yetu bila kuijua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi tarehe 1 Mei 2013, siku mto Nyamwamba ulipofurika. Ulishuka kutoka mlimani na mawe makubwa na miti mizima, ukavunja madaraja na nyumba, ukaingia mpaka hospitali ya Kilembe. Ninachokumbuka zaidi ni sauti. Mawe yalikuwa yakigongana chini ya maji kama malori yanayopita usiku. Tangu siku hiyo sikutia mguu mtoni, hata kwa kufua nguo.

Nilipofika chuo kikuu, rafiki yangu wa bweni alinishawishi nijiunge na klabu ya wapanda milima. Nilikubali kwa sababu ya theluji, kwani nilikuwa nimeiona kutoka mbali maisha yangu yote na sijawahi kuigusa. Lakini klabu ina sharti moja: hakuna anayekwenda Rwenzori kabla hajajifunza kuvuka mto. Katika insha hii nitaeleza mafunzo hayo, kisha nitaeleza swali lililonijia nikiwa katikati ya maji. Watu waliovuka mito hii kabla yetu, wakiwa wamebeba mizigo ya watu wengine, walivukaje? Na kwa nini baadhi yao hawakufika ng'ambo?

Kwanza niieleze milima yenyewe kwa msomaji ambaye hajafika kwetu. Rwenzori iko mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Kilimanjaro na Mlima Kenya zilitokana na volkano, lakini Rwenzori ni mwamba uliosukumwa juu na nguvu zilezile zilizofanya Bonde la Ufa. Mvua yake ni nyingi mno. Juu kuna vinamasi vikubwa, na chini ya vinamasi kuna miteremko mikali. Kwa hiyo mvua ikinyesha mchana, vijito vinajaa kabla ya jioni. Mto Bujuku unaungana na Mubuku, na Mahoma nao unaingia humo, kisha maji yote yanateremka kuelekea Ziwa George. Njia ya kupandia kutoka upande wa Uganda inafuata mabonde ya mito hiyo. Anayetaka kuigusa theluji ni lazima kwanza ashughulike na maji.

Mafunzo yetu yalifanyika mwezi Januari, wakati wa kiangazi, kwenye mto Mubuku upande wa Ibanda. Mwalimu wetu alikuwa mwongozaji wa Kikonzo, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilidhani tutaingia majini mara moja, nami nilikuwa tayari natetemeka. Badala yake alitukalisha ukingoni karibu nusu saa, tukiangalia tu.

Alitufundisha kuusoma mto. Alituonyesha kwamba mahali pembamba panavutia kwa sababu ng'ambo iko karibu, lakini ndipo penye kina na kasi. Mahali papana penye mawimbi madogomadogo ndipo penye maji machache. Alirusha kipande cha kijiti majini, akatembea kando yake. Alisema kijiti kikimshinda mwendo mtu anayetembea kawaida, mto huo si wa kuvukwa kwa miguu. Maji yakiwa ya rangi ya chai yenye maziwa, mvua imenyesha huko juu hata kama jua linawaka hapa ulipo. Ukisikia mawe yakibingirika chini ya maji, ondoka. Niliposikia hilo nilimkumbuka Nyamwamba.

Kisha alituuliza: "Ukianguka hapa, mto utakupeleka wapi?" Wote tulikuwa tukitazama ng'ambo, hakuna aliyekuwa ametazama chini ya mkondo. Tulipotazama tuliona mti ulioanguka, matawi yake yamezama nusu. Alisema mti kama huo ni hatari kuliko jiwe, kwa sababu maji yanapita katikati ya matawi lakini mtu hapiti. Anabanwa humo kama majani ya chai kwenye chujio. Tukahama mita mia moja hivi tukatafuta mahali pengine.

Mwanafunzi mmoja wa fizikia alitueleza kwa nini mwendo wa maji unatisha kuliko kina chake. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana maji ya magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Ndipo tukaingia. Tulivua gambuti, ambazo kila mtu huvaa Rwenzori kwa sababu ya matope, kwani zikijaa maji zinakuwa kama ndoo mbili miguuni. Tukavaa raba za zamani. Tulifungua mkanda wa begi wa kifuani na kulegeza wa mabega, ili mtu akianguka aweze kujivua begi upesi. Anayevuka peke yake anatazama mto unakotoka, fimbo ameitanguliza mbele yake, anapiga hatua za upande kama kaa, na hainui mguu kabla fimbo haijakaa imara. Wanaovuka kwa kikundi wanajipanga mstari mmoja kufuata mkondo, mwenye nguvu juu kabisa, kila mmoja amepitisha mkono nyuma ya begi la mwenzake, na wote wanasogea pamoja. Wa kwanza anaikata nguvu ya maji, na wa chini wanamshikilia asianguke. Ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu itangulie, ujisogeze ukingoni kwa mikono. Usijaribu kusimama kwenye maji yaendayo kasi, kwa maana mguu ukinasa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Na usijifunge kamba mwilini. Kamba iliyokusudiwa kukuokoa itakushikilia chini ya maji.

Nilivuka nikiwa wa tatu katika mstari wa watu watano. Maji yalinifika juu kidogo ya magoti, tena yalikuwa baridi ajabu. Nilipofika ng'ambo nililia, na wenzangu walidhani ni baridi.

Jioni hiyo mwalimu alituambia kwamba mbinu ya kushikana kwa mstari inafundishwa sana New Zealand. Niliporudi chuoni nikaisoma habari hiyo. Katika karne ya 19, walowezi wengi wa huko walikufa maji wakivuka mito isiyo na madaraja, hata kuzama kukaitwa "kifo cha New Zealand". Kutokana na misiba hiyo watu wao walianza kuandika, kufundisha na kuhesabu. Nikajiuliza, na sisi je? Mito yetu imevukwa tangu zamani. Nani ameandika?

Nilikwenda maktaba. Vitabu vinataja sana waliofika juu. Henry Morton Stanley, katika safari yake ya 1887 hadi 1889 ya kumtafuta Emin Pasha, alichukua wapagazi zaidi ya 600 kutoka Zanzibar. Walizunguka kwa bahari mpaka mdomo wa mto Kongo, wakapita msitu wa Ituri, na wengi hawakurudi makwao. Mwaka 1889 waliobaki waliuvuka mto Semliki kwa mitumbwi wakapita chini ya Rwenzori. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili jambo hili lina uzito, kwa sababu maneno kama msafara, mpagazi, kivuko na mtumbwi yalisikika katika mabonde haya kutoka vinywani mwa watu hao. Afisa wa Stanley, William Stairs, alipanda mlima mwezi Juni 1889 akarudi kabla ya kufika kwenye theluji. Novemba 1905, Waingereza Douglas Freshfield na Arnold Mumm walishindwa na mvua wakarudi. Halafu tarehe 18 Juni 1906, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, akafika kilele cha Margherita. Alifika kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi Ziwa Victoria, kwa mashua hadi Entebbe, kisha kwa miguu akapanda bonde la Mubuku. Milima mingine ya Rwenzori ikaitwa Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Hata daraja la kuvukia pale Bujuku na Mubuku zinapokutana lina jina la mgeni, Kurt Schäfer.

Nisiwe mwenye kupendelea. Liko jina moja la mtu wa kwetu. Kibanda kimoja cha kulala kinaitwa John Matte, Mkonzo wa Ibanda aliyewapanga wapagazi wa klabu ya wapanda milima ya Uganda kwa miaka mingi. Lakini wapagazi wenyewe, na jinsi walivyovuka, sikuwapata maktabani. Basi nikaenda kwa babu.

Babu yangu, baba wa mama, ana zaidi ya miaka themanini. Kabla hajaajiriwa kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, alikuwa akibebea wapanda milima mizigo, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kiswahili chake ni cha mgodini, hakina ngeli nyingi, lakini hakikosi neno. Nilijua tangu utotoni kwamba alibeba mizigo. Sikuwahi kumuuliza.

Nilimweleza tuliyofundishwa, nikadhani atashangaa. Alicheka. "Mjukuu wangu," alisema, "mmelipa pesa kufundishwa kuangalia maji?" Akaanza kunieleza mambo yao. Walivuka alfajiri, kwa sababu mvua ya Rwenzori hupenda mchana na mto wa asubuhi umetulia. Katika kila kivuko walikuwa na jiwe la alama. Jiwe likizama, hakuna kuvuka. Walikata fimbo za mianzi. Wenye mizigo mizito walivuka wawili wawili, mmoja ameshika bega la mwenzake. Nilipomwonyesha mstari wetu wa watu watano alitazama kwa makini, akasema huo ni mzuri, wao hawakuujua.

Kisha akanieleza jambo ambalo mwalimu wetu hakulitaja. Wakonzo hubeba mzigo mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ni njia nzuri ya kupandia, kwa maana uzito unakaa kwenye shingo na mgongo, na mikono iko huru. Mtoni ni hatari, kwa sababu ukianguka ukanda unakuvuta kichwa nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuingia majini waliuondoa ukanda kwenye paji, wakaushika kwa mkono mmoja begani, ili mtu akiteleza auachie mzigo uende.

Akanyamaza. Halafu akaniambia habari za kijana mmoja wa kijijini kwake, rika lake. Walikuwa wakiteremka na wageni, mvua imenyesha siku mbili. Jiwe la alama lilikuwa halionekani. Wapagazi walijua, lakini wageni walikuwa na gari linalowasubiri chini, na mkubwa wa wapagazi hakutaka kuwachelewesha. Wakavuka. Kijana yule alibeba sanduku la vyombo vya kupikia. Aliteleza katikati ya mto.

"Hakuuachia mzigo," babu alisema. "Nilimwona. Mkono ulikuwa kwenye ukanda, na hakuufungua. Tulimpata siku ya tatu, na sanduku liko naye."

Niliuliza kwa nini.

"Mzigo una bei. Ukipotea unakatwa. Yeye alikuwa anatafuta mahari."

Babu aliongeza kwamba wageni wale walisikitika kweli, hawakuwa watu wabaya, na waliwapa wazazi pesa za mazishi. "Lakini hakuna aliyetuambia kwamba siku nyingine tukiachia mzigo hatutakatwa. Tulipanda tena mwezi uliofuata, bei ileile."

Mwanafunzi wa historia hapaswi kutosheka na shahidi mmoja, hasa akiwa ni babu yake. Nilimtafuta mzee mwingine aliyekuwa mpagazi miaka hiyo. Alilitaja jina la kijana yuleyule na mto uleule, ila alisema ni mwaka mwingine, na kwamba mzigo ulikuwa wa mahema. Kwa hiyo siwezi kuandika mwaka wala mzigo kwa uhakika. Jambo ambalo wazee wote wawili walikubaliana bila kuulizwa ni lile la kukatwa. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba swali langu la kwanza lilikuwa limekaa vibaya. Niliuliza walivukaje, kana kwamba waliokufa walikosa ujuzi. Ujuzi walikuwa nao. Walijua jiwe limezama, walijua kuushika ukanda kwa mkono. Walichokosa ni ruhusa ya kusubiri na ruhusa ya kuachia mzigo, na ruhusa hizo zilikuwa mikononi mwa mlipaji.

Ningeweza kuishia hapo, kama si safari yetu ya mwishoni mwa Juni. Tulikuwa wanafunzi tisa, mwongozaji mmoja na mapota sita. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa klabu, pesa zote ziko kwenye begi langu. Siku ya kurudi mvua ilianza kabla ya saa sita mchana. Saa tisa tulifika kwenye kijito ambacho siku ya kupanda tulikivuka juu ya magogo. Magogo hayakuwepo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Ng'ambo ilikuwa mbali kama upana wa darasa. Basi tulilokodi lilikuwa linatusubiri asubuhi ya kesho yake, na wawili wetu walikuwa na mtihani. Mwenyekiti wetu alisema tumefundishwa, tuko wengi, tushikane tuvuke. Wenzangu kadhaa walianza kulegeza mikanda. Mapota walisimama kando kidogo, kimya. Mdogo wao alikuwa tayari ameutoa ukanda kwenye paji la uso na kuushika mkononi. Nilipoona mkono ule, miguu yangu iliisha nguvu.

Niliwaendea nikawauliza, "Ninyi mnaonaje?"

Walitazamana. Mkubwa wao akajibu kwa adabu, "Dada, mkisema tuvuke, tunavuka."

Sikuuliza tena habari za maji. Niliwaambia kwamba tukilala hapa, siku ya kesho italipwa kama siku ya kazi, na kwamba mzigo ukichukuliwa na maji hakuna atakayekatwa. Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Klabu haikuwa imekubaliana lolote. Yule mkubwa aliniangalia kidogo, kana kwamba anapima kama mimi ni mtu wa kusema kweli. Kisha akageuka akamwambia mwongozaji, kwa sauti tofauti kabisa, "Maji ni mengi. Hapa hapavukwi leo."

Mwongozaji akaitikia kwamba hata yeye anaona hivyo. Tulifunga maturubai kati ya miti. Ulikuwa usiku wa baridi na njaa. Tuligawana maharagwe yaliyobaki, vijiko vitatu vitatu. Kabla ya kulala, pota mdogo alichomeka kijiti ukingoni, mahali maji yalipoishia. Kulipopambazuka, kijiti kilikuwa mbali na maji kwa hatua mbili, na mawe ya katikati yalikuwa yameonekana. Tulivuka kwa mstari, wanafunzi na mapota wamechanganyika, maji yakiwa chini ya magoti. Hakuna aliyelowa zaidi ya hapo.

Basi lilikuwa limeondoka, tukalipa jingine. Wenye mtihani walichelewa na ikabidi waombe kuufanya upya. Katika mkutano wa klabu mwenyekiti alinilaumu kwa kuahidi pesa bila idhini, na kwa haki yake, kwani hazina ilibaki karibu tupu. Tulibishana sana. Mwishowe tulichanga kufidia, na tukaandika masharti mawili katika kanuni zetu: siku ya kusubiri maji inalipwa, na mzigo uliopotea mtoni haukatwi kwa aliyeubeba. Yalipita kwa tofauti ya kura mbili.

Mafunzo ya kuvuka mto ni ya lazima, na ninamshauri kila kijana anayeishi karibu na milima ayapate. Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku na mito mingine ya Kasese ilifurika tena, na itafurika siku nyingine. Lakini kusoma maji ni nusu ya ujuzi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba anayeyajua maji anaweza kusema "hapavukwi" bila kulala njaa. Waliorudi nyuma na waliosubiri hawakupewa vilele, kwa hiyo vitabu haviwataji, ingawa wengi wao ndio waliofika nyumbani.

Nilimsomea babu insha hii kabla ya kuitoa. Aliniuliza kama nimeliandika jina la yule kijana. Nilimwambia hapana, kwa kuwa ndugu zake bado wapo na sijawaomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Nenda ukawaombe." Jumamosi ijayo nitakwenda.